Shika Kipanya, Usikiachie

Kama wewe ni mwalimu wa kemia Pweto na shule yako imepata kompyuta, hongera na pole. Hongera, kwa sababu sasa unaweza kuwaonyesha atomu watoto ambao hawajawahi kuona hata bomba la majaribio. Pole, kwa sababu watoto hao watataka kuigusa. Mwongozo huu utakusaidia kuwazuia.

Anza na zana. Simulesheni zinazojulikana zaidi ni za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. (Mwaka huo wa 2002 mgodi wa Dikulushi, katika eneo letu hili la Pweto, ulianza kutoa shaba na fedha. Kila mtu alikuwa na mradi wake.) Zana hizo ni za bure, na hapo ndipo penye hatari: ukizishusha mara moja ukiwa Lubumbashi na kuzitia kwenye fleshi, zinafunguka Pweto bila intaneti. Kisingizio cha mtandao kimekufa. Usikate tamaa, umeme bado uko upande wako. Panga kipindi cha kemia saa ambayo mafuta ya jenereta yameisha, au saa ambayo Bwana Prefe, mkuu wa shule, anachaji simu za ukoo mzima.

Umeme ukiwaka kwa bahati mbaya, shughulikia lugha. Simulesheni hizi zinapatikana kwa Kifaransa, na kadhaa kwa Kiswahili pia. Wewe ziache kwa Kiingereza. Darasa litakuheshimu.

Sasa kaa mbele, kioo cha kompyuta kikuelekee wewe, wanafunzi sitini wakiangalia mgongo wake. Fungua ile ya kupima pH. Walioitengeneza walikosa adabu: pamoja na kahawa na supu ya kuku wameweka mate, damu na matapishi. Watoto watacheka, na mtoto anayecheka yuko hatua moja tu kabla ya kuuliza. Atasema, “Mwalimu, na munkoyo je? Ule wa leo na ule wa juzi ni sawa?” Hilo ni swali zuri kupita kiasi, kwani munkoyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa chachu, na kesho yake utakuta vikombe vitatu mezani vikingoja kupimwa. Mwamuru aandike maana ya pH mara kumi.

Kwenye simulesheni ya kujenga atomu, jenga oksijeni mwenyewe, haraka, bila kosa: protoni 8, nyutroni 8, elektroni 8. Usithubutu kumwachia mwanafunzi kipanya. Atajaza protoni nane bila nyutroni hata moja, kiini kitaanza kutetemeka, kioo kitatangaza kwamba si thabiti, naye atataka kujua kwa nini. Ukianza kumjibu mtafika kwenye mgodi wa Shinkolobwe kabla ya kengele, maana urani ya bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka humu humu Katanga, na wewe ulikuwa umeandaa oksijeni tu.

Lakini adui mkubwa ni ile ya kusawazisha milinganyo. Hii imeundwa kwa ajili ya kukosea. Mtoto anaongeza molekuli ya maji, mizani inalalia upande mmoja. Anapunguza, inalalia upande wa pili. Hakuna anayemzomea, hakuna anayemwita mpumbavu mbele ya dada zake. Baada ya kuhangaika anaona uso unaocheka, na ameelewa kwamba atomu haipotei wala haizuki, jambo ambalo wewe ulilisema tangu Septemba bila mafanikio. Nakiri kwamba watoto watatu wakibishania simu moja yenye simulesheni hii kwa Kiswahili chao hujifunza zaidi kuliko darasa zima linalonakili ubao. Ndiyo maana simu zikusanywe mlangoni. Kisha wape mapema jibu la mlinganyo wa kutenganisha maji: 2, 2, 1. Wanakili.

Usilinganishe kamwe kioo na dunia. Mtu akileta malakiti, lile jiwe la kijani, aiweke kwenye makaa yanayowaka ili darasa lione ikigeuka nyeusi, mfukuze. Wafua shaba wa Katanga walikuwa wakiyeyusha jiwe hilo kwa makaa na kulimimina kuwa misalaba muda mrefu kabla ya Wabelgiji, wala hawakuwa na diploma.

Kisha jiandae kwa yule mtoto wa dirishani. Siku moja atagundua kwamba simulesheni ya atomu inaishia neoni, protoni 10. Kobalti ina 27, shaba 29. Atauliza mbona mtoto wa Katanga anaweza kujenga gesi ya taa za matangazo lakini si madini anayochimba mjomba wake. Usimpeleke kwenye simulesheni ya ukolezi, ambako salfeti ya shaba na kloridi ya kobalti zimo kwenye vichupa vya kutikisa, maji yakikolea rangi hadi unga unaanza kulala chini. Akiyaona maji hayo ya buluu atataka kujua Likasi wanaitoaje shaba humo kwa umeme, inauzwa wapi, na kwa bei gani. Mwambie swali lake halimo kwenye Mtihani wa Serikali, kisha zima jenereta.