Waraka wa Mpiga Picha na Masaibu Yake

Mpiga picha wa zama zilizopita alikuwa na neema moja kubwa, nayo ni kumwona kwa macho yake mtu aitazamaye kazi yake. Marehemu Ranchhod Oza, aliyeifungua Capital Art Studio hapa Unguja mwaka 1930, hakuhitaji kukisia kama picha imependeza. Bila shaka aliyepigwa alikuja dukani mwenyewe, akaishika, akaitazama karibu na mbali, kisha akalalamika kwamba pua yake imekuzwa. Sisi wa leo tumejaaliwa Instagram.

Sina nia ya kuitukana, kwani ilipozaliwa mwaka 2010 ilikuwa baraza ya picha kweli kweli, ingawa ilizitaka zote ziwe za mraba, sharti lililotutesa hasa sisi tupigao majahazi, maana omo ikiingia tezi hutoka. Tukastahamili. Mwaka 2016 ukaanza kuondolewa utaratibu wa picha kufuatana kwa saa zake, mashine ikapewa mamlaka ya kuamua nani aone nini. Na mwaka 2021 mkuu wake akatangaza kwamba wao si mahali pa kushirikiana picha tu tena, tangazo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni kama mwenye hoteli kuwaarifu wateja kuwa wali haupikwi tena, ila wanakaribishwa kucheza. Basi nilipoiona picha yangu ya alfajiri ya Forodhani, ambayo kamera iliihifadhi kwa upana wa nukta 6,000, imepunguzwa hata nukta 1,080 na kuzikwa chini ya video ya paka avaaye miwani, niliazimu kuhama. Nikaanzisha waraka wangu mwenyewe wa barua pepe, wa kila mwezi, picha moja na maneno machache, uwafikie jamaa na wateja bila ya mashine kuingilia kati.

Waraka wa kwanza haukuondoka. Picha ilikuwa na uzito wa MB 20, na huduma niitumiayo hupokea hadi 25, kwa hiyo kwa hesabu ya mwenye akili timamu nafasi ilikuwapo na ya kubaki. Lakini barua pepe, ambayo asili yake iliundwa kwa ajili ya maandishi matupu, huigeuza kila picha kuwa herufi kabla ya kuisafirisha, na katika kugeuzwa huko uzito huzidi kwa theluthi na ushei, hata mzigo ukarudishwa mlangoni kwangu kwa lugha ya ukali. Wa pili uliondoka, ukafika salama, ukatupwa katika taka, nadhani kwa sababu kichwa chake kilitaja zawadi kwa wasomaji. Ilinilazimu kuwapigia simu jamaa mmoja mmoja kuwaarifu kwamba wametumiwa barua, na shangazi yangu akanijibu kuwa, maadamu nina salio, ningemweleza hayo yaliyomo nikaiacha barua yenyewe.

Wa tatu alikabidhiwa mpwa wangu, kijana hodari wa kompyuta, naye akayaweka majina ya wapokeaji wote hadharani, kila mmoja akimwona mwenziwe. Picha ilikuwa ya mikono ya bi harusi iliyopakwa hina na piko, na kwa staha, tena kwa idhini yake, sura haikuonekana. Sura haikuhitajika. Shangazi aliitambua bangili, akaandika, si kwangu peke yangu bali kwa wote, kwamba bangili ile ni ya marehemu mama yake, iliazimwa kwa harusi nyingine kabisa, na tangu siku hiyo haijaonekana ila leo mbele ya kadamnasi. Upande wa pili ukajibu. Mjomba akatoa ushahidi. Mteja wangu mmoja aliyeko Maskati, asiyemjua yeyote kati ya hawa, alitoa rai kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe, akaomba kwa adabu aarifiwe shauri litakavyokwisha. Shemeji yangu, ambaye haamini barua yoyote isiyopitia WhatsApp, aliyanakili yote na kuyatia katika kundi la ukoo. Kutoka huko picha ilihamia Instagram, bila ya jina langu, ikapata mioyo mingi kuliko kazi yangu yoyote.

Hata hivyo sijautupa waraka. Wale wa mioyo walikuwa maelfu na hawakuniuliza neno. Lakini nilipotuma picha ya jahazi, mzee mmoja wa Nungwi alimwamuru mjukuu wake aniandikie kwamba chombo kile anakijua, fundi aliyekiunda ni binamu yake, na mlingoti uliomo sasa si ule wa asili. Kisha akaeleza, kwa urefu ulioupita waraka wenyewe, jinsi ule wa kwanza ulivyovunjika. Maelezo hayo hayakupunguzwa nukta hata moja.

Anayetaka kuandikiwa na anipe anwani yake, mradi aichungulie taka kila mwanzo wa mwezi. Mpwa amekwisha fundishwa kuyaficha majina. Na bangili, kwa wanaoendelea kuuliza, imerudi kwa mwenyewe.