Mheshimiwa Koti la Theluji

Kariakoo husifu kinachotoka. Mzigo ulioshushwa alfajiri ukaisha kabla ya adhuhuri ndio wenye jina, na mwenye mzigo huo ndiye anayeitwa bosi. Mimi naomba nafasi nisifu kisichotoka. Pale juu kabisa kwenye kona ya fremu, nyuma ya madera na jezi za Simba na Yanga, linaning'inia koti la kutelezea kwenye theluji. Limejaa manyoya ya bata, lina kofia, lina zipu kila upande, na rangi yake ya chungwa imechaguliwa makusudi ili mvaaji aonekane kwenye weupe. Lilikuja ndani ya belo. Hakuna aliyeliagiza.

Tuanze na subira yake. Huko Ulaya vifaa vya theluji hupumzika kwa msimu tu. Theluji ikishayeyuka, mwenyewe huzipaka nta mbao zake za kutelezea, hukausha viatu, hufua koti, kisha vyote hupandishwa darini kungoja Desemba. Koti la Kariakoo nalo linangoja, ila Desemba yetu ikifika huja na jua la utosi. Hata Julai, katikati ya kipupwe, usiku wa Dar kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 18 au 19 tu, na hapo wenyeji tumeshaanza kulalamika. Kwa hiyo likizo ya koti ni ya mwaka mzima, na mwaka ukiisha linaongezewa mwingine. Nitajieni mfanyakazi mwingine wa mtaa huu aliyewahi kupewa ruhusa kama hiyo.

Halafu tazameni makazi yake. Kupata fremu Kariakoo ni kutoa kilemba, ukitoka hapo ni kodi ya miezi kwa mkupuo, na ukishaingia unakuta wamachinga wameshapanga bidhaa zao mlangoni kwako. Mheshimiwa hajatoa senti. Anakalia nafasi ya madera sita, tena kumkunja huwezi. Manyoya yakibanwa muda mrefu hupoteza nguvu ya kufumuka, na hewa inayonaswa ndani ya manyoya yaliyofumuka ndiyo inayozuia baridi. Mfunge kwa kamba, msukume uvunguni, na baada ya mwaka mmoja utatoa kitambaa cha chungwa kisicho na kazi. Anataka kutundikwa, tena penye hewa. Watoto wa muuzaji wanalala wanne chumba kimoja Buguruni. Koti lina kona ya peke yake.

Na lilivyo na madeko! Ndani lina utando wa kuzuia maji, mara nyingi wa plastiki aina ya poliyurethani. Utando huo haupendi hali yetu ya hewa. Ukikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu wa pwani huvunjika taratibu, huanza kunata, kisha hubanduka magamba meupe. Muuzaji hukung'uta magamba hayo na kukuambia ni vumbi la kwenye belo. Mimi naona humo ukuu: sisi wengine huchakazwa na kazi, lakini koti hili huchakaa kwa kupumzika.

Wala siasa hazilitikisi. Mitumba ilianza kuingia kwa uwazi katikati ya miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki wakakubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu za biashara za mpango wake wa AGOA, Rwanda ikashikilia msimamo, wengine tukarudi nyuma. Muda wote huo koti lilikuwa msumarini pake.

Kwa ufundi, hakuna nguo ya kulifikia. Kwenye mkono lina kimfuko cha kadi ya kupandia lifti ya mlimani, na kiunoni lina mkanda wa kuzuia theluji isipenye ukianguka. Makoti mengine ya aina hii yameshonewa kipande kidogo cha kuakisi mawimbi ya redio, ili waokoaji wampate mvaaji akifukiwa na poromoko la theluji. Aliyewahi kupita Mtaa wa Kongo siku mbili kabla ya Idi hahitaji kuelezwa faida ya kipande hicho.

Mbishi atasema kwetu hakuna wa kuteleza. Amesahau mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walipopanda Kilimanjaro na mbao zao, kisha wakashuka wakiteleza. Barafu moja ya kileleni inaitwa Furtwängler hadi leo, au kile kilichobaki cha barafu hiyo, kwa maana tangu mwaka huohuo mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Theluji yenyewe imeshindwa kungoja. Koti bado lipo.

Basi ni nani analikosesha kazi? Huko mlimani wapo wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii kwenye baridi ya chini ya sifuri, na Moshi kuna shirika, KPAP, linalowaazima mavazi ya mlimani bila malipo kwa sababu wengi hawana ya kwao. Makete na Njombe, Juni na Julai, umande huganda kwenye majani, na watoto wa shule za bweni huamka kabla ya jua. Hapa hapa mjini dereva wa bodaboda wa usiku hulivaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kikingwe na upepo. Huyo ndiye mteja pekee anayelielewa, na ndiye anayetajiwa bei ya mtalii.

Bosi, nimekusifia mpangaji wako kadiri nilivyoweza; sasa mshushe msumarini, umuuze. Nawe unayesafiri kwenda Makete, ukilikuta koti hilo ligeuze ndani nje, sugua utando kwa kidole gumba, na ukiona magamba liache. Likiwa zima, bei ya kwanza usiikubali. Anzia nusu.