Nane Hadi Moja: Usiku Katika Nyumba ya Kale ya Cape May

Malkia Victoria wa Uingereza hakuwahi kukanyaga Marekani, lakini nenda Cape May uone jina lake lilivyotapakaa. Mji huu mdogo uko kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la New Jersey, pale ghuba ya Delaware inapokutana na Atlantiki, na una majengo zaidi ya 600 ya mtindo wa enzi zake, yaani kati ya 1837 na 1901. Mengi siku hizi ni nyumba za wageni: unalipia chumba, na asubuhi unaandaliwa kifungua kinywa mezani kwa mwenye nyumba. Nilikwenda na wifi yangu, mtu wa Tanga, mpishi wa hoteli kwa miaka mingi, mwenye ulimi usiojua likizo. Haya ndiyo tuliyoyapenda, kuanzia la nane. La kwanza lisomwe mwisho. Wifi ameshaahidi kumshughulikia atakayeruka.

8. Ngazi zenye taarifa ya habari

Mbao za zaidi ya miaka mia haziwezi kukaa kimya. Kila kidato kina mlio wake, na cha tatu kutoka juu kina miwili. "Katika nyumba hii," alisema wifi, "mume hawezi kurudi usiku wa manane halafu adai aliingia saa tatu." Nyuma ya jiko ipo ngazi ya pili, ya watumishi, nyembamba na wima, nikisimama katikati yake viganja vyangu vinagusa kuta zote mbili. Humo walipita wenye kubeba maji, makaa na shuka, ili wageni wa ngazi kubwa wasiwaone. Ukilala nyumba kama hii, omba uonyeshwe ngazi hiyo kabla hujaonyeshwa sebule.

7. Vitambaa vya kochi

Ndiyo, vile vile! Vimefumwa kwa mkono, vimetandazwa migongoni mwa viti na kwenye mikono ya kochi. Wanaume wa zama hizo walipaka nywele mafuta yaliyoitwa kwa jina la Makassar, bandari ya Indonesia, na viti vikabaki na madoa. Ndipo vitambaa vikaja kuokoa samani. Wifi alikinyoosha kimoja kilichokuwa kimepinda, bila kuulizwa. "Mama yangu akiingia humu," akasema, "atadhani wamemwibia."

6. Karatasi za ukutani

Chumba chetu kilikuwa na majani, ndege na makomamanga kuanzia sakafuni hadi darini, na dari nayo ilibandikwa karatasi yake, tofauti. Mashine za karne ya 19 zilishusha bei ya karatasi hizi, na watu wa tabaka la kati wakazibandika kila palipo na ukuta. Tatizo lilikuwa kijani. Rangi kadhaa za kijani za wakati huo zilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu, na William Morris mwenyewe, mchoraji mashuhuri kuliko wote wa karatasi hizo, alikuwa na hisa katika mgodi wa Devon uliotoa shaba na aseniki. Nilipomweleza wifi, alikuwa ameegemea ukuta. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema huku akijitenga nao taratibu, "lakini hapa wangeugua wote." Karatasi za leo ni nakala zisizo na sumu, zimechapwa kwa michoro ya zamani. Akaegemea tena.

5. Kitanda

Kina nguzo nne na kimo cha kumfanya mtu mzima atafute msaada, ndiyo maana pembeni pamewekwa kidaraja cha mbao. Wifi alipanda, akakaa, akashika nguzo, akauliza kondakta yuko wapi.

4. Bafu lenye miguu

Ni la chuma cha kusubu, limepakwa enameli nyeupe ndani, na linasimama juu ya makucha manne ya ndege, kila ukucha umekamata tufe. Mwaka 1883 huko Wisconsin, John Michael Kohler alichukua hori la kunyweshea farasi, akalipaka enameli, akalifunga miguu minne, na likawa bafu la kuogea. Kampuni yake husimulia kwamba mteja wa kwanza alilipa ng'ombe mmoja na kuku 14. "Hiyo ni mahari," wifi akakata shauri. "Na bibi harusi kaja na miguu yake mwenyewe."

Enameli ilikuwa na faida yake: uso laini husafishika, na hizo zilikuwa zama ambazo watu walianza kuelewa vijidudu. Halafu joto. Chuma kizito kikishapata moto hakipoi upesi, na maji yanakusubiri umalize mawazo yako. Nililala humo hadi wifi akagonga mlango kuuliza kama nimehamia.

3. Nakshi za mbao

Hapa naomba nafasi, kwa sababu hizi ndizo zilizonipeleka Cape May. Novemba 1878 moto uliteketeza takriban ekari 35 katikati ya mji, hoteli kubwa zikaondoka, ikiwamo Congress Hall. Hoteli hiyo ilijengwa upya kwa matofali mwaka 1879, na kiangazi cha 1891 Rais Benjamin Harrison aliifanya ofisi yake. Lakini wenye nyumba wengi walirudia mbao zile zile. "Moto umekula mbao, nao wakaukaribisha tena mezani," alisema wifi. "Hawa watu wana imani."

Walikuwa na sababu. Misumeno ya mvuke ilikuwa imeufanya ukataji wa nakshi kuwa kazi ya haraka na ya bei nafuu. Fundi alifungua kitabu cha michoro, mwenye nyumba akachagua, na siku chache baadaye ukingo wa paa ukavalishwa lesi ya mbao: miduara, majani, mioyo, mishale. Simama barazani ukaribie nguzo moja. Utaona tabaka za rangi zilivyozidi unene kwenye kona za ndani, mahali brashi isipofika vizuri, na chini ya ncha ya kila tone la mbao rangi imetengeneza tone lake. Kizazi baada ya kizazi mtu amepanda ngazi na kopo mkononi. Hewa ya chumvi haisamehe. Ukiacha kupaka, mbao inaoza. Mtu aliyekulia pwani yetu, kwenye roshani za mbao za Mji Mkongwe, hahitaji somo hilo.

2. Mtaa wa Lafayette

Huu hauko ndani ya nyumba, lakini usiondoke Cape May bila kuufikia. Harriet Tubman, aliyetoroka utumwa huko Maryland mwaka 1849, alifanya kazi ya upishi katika mji huu mwanzoni mwa miaka ya 1850, wakati wa kiangazi, ili apate fedha za kurudi kuwatoa wengine utumwani. Makumbusho yenye jina lake yako katika nyumba iliyokuwa ya mchungaji wa kanisa la Macedonia Baptist. Jirani ipo nyumba ya mapumziko ya Stephen Smith, aliyezaliwa mtumwa, akanunua uhuru wake, akawa tajiri wa mbao na makaa ya mawe na mpinzani mkubwa wa utumwa. Nyumba hiyo ni ya 1846.

Wifi alikaa hapo kuliko mahali pengine pote. "Mpishi hana likizo," alisema. "Huyu mshahara wa jikoni kaufanyia kazi ambayo serikali ilikataa kuifanya." Sebule tulizoziona Cape May zina picha ya Malkia, mimi ningependa kila moja iwe na picha ya Tubman, na ukubwa usiwe mdogo.

1. Meza ya asubuhi

Meza ni moja, ndefu, na wageni wasiojuana hukaa pamoja. Keki ilikuwa ya blubheri, na hilo si jambo dogo New Jersey: ni Whitesbog, katika jimbo hili hili, ambako Elizabeth White na Frederick Coville walizalisha blubheri za kulimwa na kuuza mavuno ya kwanza mwaka 1916.

Lakini namba moja ni mazungumzo, maana ukikaa meza za hapa utasikia jinsi mji huu ulivyopona. Nyumba ya Emlen Physick, daktari aliyehitimu na asitibu mtu hata mmoja kwa kazi, ilijengwa mwaka 1879 ikiwa na vyumba 18. ("Wagonjwa wakampa asante," alisema wifi.) Karibu na 1970 ilikuwa inasubiri kubomolewa, wananchi wakaunda chama, wakaiokoa. Mwaka 1976 mji mzima ukatangazwa alama ya kihistoria ya taifa. Miaka hiyo hiyo watu walianza kununua majumba yaliyochakaa na kuyafungulia wageni, na fedha ya chumba ndiyo inayonunua lile kopo la rangi.

Mimi nayapenda makumbusho, ila nyumba inayolaliwa kila usiku ina mtu wa kuona paa linapoanza kuvuja. Jumba la Beit al Ajaib la Zanzibar, lililogeuzwa makumbusho, ni la 1883, rika moja na nyumba hizi, na sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Nilimtajia mwenye nyumba habari hiyo. Akaweka buli chini, akataka kujua kila kitu, na chai ikapoa kwa sababu njema.

Wifi, kwa upande wake, alimaliza kipande cha tatu, akaomba maelezo ya upishi akapewa, kisha akaomba chumba kwa usiku mwingine. Kilikuwa kimeshachukuliwa. "Basi tutangoja chakula cha mchana," akasema, akavuta sahani.