Kona Haijafunga, Nera

Kwenye kompyuta bati halimkati mtu. Halina kutu, halina makali, halikugombana na mwenye mkokoteni njiani kutoka hadiwea. Limekaa tu hapo kwenye kioo, rangi ya samawati, na ukilibofya linakunjika digrii 90 bila kelele wala jasho. Vijana wanalipenda sana bati hilo. Mimi hulipokea likishakuwa karatasi, na mtu amesimama mlangoni anauliza kama ni leo au ni kesho.

Kibanda changu kipo Homa Bay, ukitoka mjini kuelekea Rodi Kopany. Natengeneza mageti, madirisha, na masanduku ya wanafunzi shule zikikaribia kufunguliwa. Michoro yangu naichora sakafuni kwa chaki, na mteja akibadilisha nia nafuta kwa kiatu. Mambo yalikwenda hivyo hadi mwana wa dada yangu alipomaliza chuo akaja na laptopu. Kwetu Wajaluo mwana wa dada, okewo, hafukuzwi kwa wajomba zake; mimi namwita okewa, yeye ananiita nera, yaani mjomba. Huyu wangu analijua hilo vizuri kuliko hesabu zake.

Akaja mteja kutoka Macalder, kule Nyatike, kaunti ya Migori. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa 1966, lakini nani aliwaambia watu waache? Bado wanachimba dhahabu, wanasaga mawe kwenye karasha, wanapitisha unga wake na maji juu ya magunia, kisha magunia yanaoshwa ndani ya beseni. Beseni ndilo alilotaka. La geji 16, upana sentimita 30, urefu 60, kina 10, na mdomo uliokunjwa kuelekea ndani usije ukamchana mwoshaji. Alikuja na lake kuukuu la plastiki, akaweka kidole palipopasuka.

"Hapa pasivuje, jaduong'. Kinachotoka hapa si maji."

Kazi yenyewe ni ndogo. Nikawa natafuta chaki, kumbe okewa ameshafungua laptopu.

Kwa wasiokunja vyuma, jambo liko hivi. Bati likikunjwa, upande wa nje unavutika, wa ndani unabanwa, na humo kati upo mstari ambao haujui kama kuna lililotokea. Programu huutafuta mstari huo kwa namba iitwayo K, na ya okewa ilikuwa 0.44. Ukuta wa milimita 100, sakafu ya 300, ukuta mwingine 100, jumla 500. Ukikata 500 kamili beseni litazidi, kwa hiyo kila mkunjo hupunguziwa kidogo. Programu ilipunguza 2.61. Mimi hupunguza 2. Hiyo 2 sikuisomea popote, nilipewa na mzee aliyenifundisha kazi, na mzee yule hakuwa na kitufe cha kurudi nyuma.

"Nera, hiyo yako imepungua nusu milimita na zaidi."

"Wewe unakunjia wapi?" nikamuuliza.

Akazungusha macho kibandani. Mimi nakunjia kati ya vyuma viwili vya pembe vilivyobanwa kwa klampu, kwa nyundo na kipande cha mbao. Mkunjo unatoka mkali, ndani hauna mviringo wa kuzungumzia, na kwa mkunjo wa namna hiyo hata K yake yenyewe, tukiipigia hesabu upya, inaleta 1.96. Programu ilikuwa imeambiwa kuna mashine yenye kuacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Hakuna aliyeiambia kuhusu klampu.

"Basi tupeleke kwa mwenye mashine, Migori," akasema, kana kwamba bati hupanda matatu bure kupitia Rongo na Awendo. Nikampigia simu mwenye mashine, nikaweka spika. Okewa akamwuliza kwa Kiswahili cha chuoni kama mkunjo wake unatoa nusu kipenyo cha 1.5. Jamaa akacheka hadi simu ikakwaruza. Kisu ni kimoja tangu mashine inunuliwe, na kinaacha tatu. Ikipigwa hesabu kwa tatu, kila mkunjo unapunguziwa 3.25. Bati ni lile lile, beseni ni lile lile, na tayari tuna namba tatu, zote sahihi, kila moja na kwao.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonipandisha presha ni kona.

Pale mikunjo miwili inapokutana bati hukosa mahali pa kwenda, kwa hiyo hukatiwa kitundu kidogo ili lisichanike. Kwa sanduku la swichi za stima ni jambo jema kabisa. Programu ikaweka vitundu vinne vya mviringo, kipenyo milimita 3, kimoja kila kona, chini kabisa kwenye sakafu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Haielei, haizungukizunguki, inashuka moja kwa moja hadi pa chini kabisa na kutafuta pembe. Yaani tumemchorea mtu wa Macalder beseni lenye milango minne, na kila mlango umewekwa dhahabu inapolala.

"Hivyo utaziba na rodi, nera."

Sentensi hiyo nimeisikia maisha yangu yote. Anayepima vibaya huisema, anayekata kombo huisema, na sasa aliyesomea pia. Kila pengo katika nchi hii lina anwani moja, nayo ni ya mwenye kuchomelea. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu Kenya, nasi watu wa jua kali tukajikuta ndani yake tukiitwa sekta isiyo rasmi. Sawa. Lakini mapengo tunayoletewa ni ya watu rasmi kabisa.

Na si kwamba kuziba ni kupaka siagi. Programu iliacha nafasi ya 0.1 kati ya ukuta na ukuta. Mkasi wangu haujawahi kukutana na 0.1. Nafasi ikifika milimita 2, mambo yanaharibika, kwa sababu rodi ninayotumia, geji 12, ni milimita 2.5, nene kuliko bati lenyewe la 1.5. Ukikawia mahali pamoja kwa kupepesa jicho, bati linayeyuka na unabaki unachungulia kiatu chako.

Basi nikalifanya ninavyojua. Vitundu nikavifuta kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, mbele ya okewa mwenyewe. Midomo nikaikata digrii 45 kwenye ncha zake na kuikunja kwanza, kabla ya kuta, maana kwenye kioo kila kitu hukunjika kwa pamoja lakini kibandani ukishasimamisha kuta nyundo haina pa kupita. Nikashika kona kwa doti, moja hapa, inayofuata upande wa pili, ili moto usilipinde bati. Kila doti nasubiri ipoe hadi wekundu uishe. Okewa akashika tochi ya simu, stima ilipopotea akaendelea kuishika.

Iliporudi nikamaliza, nikapaka chaki kona zote kwa nje, nikamimina mafuta ya taa ndani. Mafuta ya taa hayana adabu, yanapita hata maji yasipopita, na yakipita chaki inaloa doa jeusi. Kona tatu zikabaki nyeupe. Ya nne ikatoa doa dogo kama jicho la omena. Nikaliondoa hilo kwa rodi, na ndiyo rodi pekee niliyoitumia kuziba.

Mteja alipokuja alilitazama beseni, akaligonga, akapunguza bei. Kisha akaona laptopu, ambamo beseni lilikuwa linazunguka taratibu bila doa wala alama ya nyundo, akalipiga picha. Akampa okewa mia mbili ya soda.

Jioni okewa akanionyesha kazi mpya. Ameingiza ile 2 yangu kwenye programu, imekuwa kanuni inayojitegemea, "Chuma cha pembe, geji 16", na kuanzia sasa kila mkunjo atakaouchora utaifuata. Nikauliza kama kuna mahali pa kuandika jina la mwenye kanuni. Akasema papo, ameshaandika lake.