Shuka Usagara, Mwanza Haitakimbia

Basi la kutoka Dar es Salaam likishapita Misungwi mjini, abiria hufunga kamba za viatu, huteremsha mabegi na kupiga simu nyumbani kusema wameshafika Mwanza. Hawajafika. Wako Usagara, kwenye njia panda iliyo kilomita zipatazo 20 kabla ya katikati ya jiji, na wanakaribia kufanya kosa kubwa kuliko yote, yaani kubaki kwenye kiti. Agizo la kwanza la mwongozo huu basi ni fupi: simama, mwambie konda, "Shusha Usagara," na usijali macho ya wenzako. Konda atakukumbusha kwamba umelipa nauli ya hadi stendi ya Nyegezi. Mshukuru kwa kukumbusha, kisha shuka.

Watu wa kanda hii na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, Wanyamwezi na Wasukuma walipokuwa wakiteremka na mizigo hadi kwa Wazaramo. Kwa hiyo mgeni wa Dar avumilie kuamrishwa. Na asichanganye mambo: Usagara hii si ile ya huko Morogoro ambako Carl Peters alikusanya mikataba yake mwaka 1884. Hii ni ya Misungwi, ambako barabara ya Shinyanga inakutana na ile inayokwenda Sengerema, Geita na Bukoba.

Sababu ya kukushusha hapa ni kwamba ziara ya kawaida ya Mwanza inaanzia mwisho. Mgeni anapelekwa hotelini, anapelekwa kwenye Jiwe la Bismarck, anapiga picha akiwa amenyoosha kidole kama analigusa, anakula sato, anarudi uwanja wa ndege. Ameona jiwe moja katika jiji ambalo mawe yamejaa hadi uani kwa watu, tena jiwe lililopewa jina la chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Mimi nataka jiwe hilo uliweke mwisho kabisa. Ulifikie ukiwa umechoka, una vumbi, na unajua liko ufukweni mwa nchi ya nani.

Usagara yenyewe ipe saa moja. Kaa kwenye benchi la mama lishe, agiza ugali na samaki, na kabla ya kuagiza salimia. Kabla ya saa sita sema "Mwangaluka." Jioni sema "Mwadila." Ukishahudumiwa sema "Wabeja." Maneno hayo matatu yatakufungulia milango mingi kuliko ramani ya simu, na mama atakayekusikia ukiyakosea atakusahihisha kwa furaha, kisha atakuongezea mboga. Nunua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, uitie mfukoni. Safari bado ndefu.

Ukiwa hapo benchini, itazame barabara. Lami yake ni ya juzi, njia yenyewe ni ya zamani. Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, Tabora ya leo, akamwacha mwenzake Burton mgonjwa, akaelekea kaskazini kwa uelekeo ambao basi lako limeufuata kutoka Nzega na Shinyanga. Alikuwa na macho mabovu. Aliyekuwa naye, akimtafsiria na kuongea na wenyeji, ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na kurudi Zanzibar akiwa huru. Mwishoni mwa Julai waliuona mkono wa maji umeingia nchi kavu, ndiyo Ghuba ya Mwanza, wakaufuata hadi tarehe 3 Agosti, ziwa lenyewe likawafungukia. Mtu yule aliyaona maji na macho yake yanauma. Wewe una macho mazima, na tangu Shinyanga umeyaelekeza kwenye simu. Iweke.

Sasa usielekee mjini. Pinda magharibi, panda haisi au mchomoko unaokwenda Kigongo. Utabanwa. Kwenye mchomoko kiti cha mbele kinakaa watu wawili, na wewe kama mgeni utapewa nafasi upande wa gia. Ikubali. Mwendo ni mfupi, na mbele yako kuna kitu ambacho vizazi vya wasafiri wa Geita na Kagera walikiota wakiwa kwenye foleni: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililopewa jina la John Pombe Magufuli na kufunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2019. Alifariki Machi 2021, nguzo zikiwa bado zinasimikwa.

Hapa kaa sana. Kabla ya daraja, barabara ilikatika majini. Magari, malori ya ng'ombe, mabasi, magari ya wagonjwa na harusi zilisubiri kivuko pamoja. MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema zilivusha watu mchana na usiku, na aliyeikosa zamu yake alikaa. Mjamzito aliyekuwa akikimbizwa Bugando kutoka Sengerema alisubiri naye. Kila ukisikia mtu analalamika kwamba daraja limegharimu mabilioni mengi, mpeleke Busisi akaongee na akina mama waliowahi kuvuka usiku na mgonjwa mapajani. Zaidi ya shilingi bilioni 700 ni fedha nyingi, na mimi nasema zimekwenda mahali pake.

Foleni ile lakini ililisha watu. Samaki wa kukaanga, karanga, mayai, maji ya chupa, vyote viliuzwa kwa abiria waliokuwa hawana pa kwenda. Leo gari linapita kwa dakika chache na halisimami. Kwa hiyo agizo: usivuke bila kununua. Shuka kabla ya daraja, tafuta anayeuza samaki upande wa Kigongo, mpe biashara, muulize maisha yakoje tangu Juni ile. Kisha vuka kwa miguu kwenye njia ya waenda kwa miguu, uende polepole, ushike kofia. Upepo wa ghuba haujui kwamba kofia uliinunua kwa bei mbaya. Ukifika Busisi, geuka urudi. Utaliona ziwa mara mbili, kila mara upande tofauti, na hakuna picha ya kutoka juu angani itakayokupa hilo.

Rudi Usagara. Kama una muda ulizia Fela, jirani tu hapo, ambako reli ya zamani iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 inapita, na ambako mwaka 2021 iliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341. Reli ile ya kwanza ilibeba pamba ya Usukuma. Wakulima wa pamba hiyo ndio waliounda vyama vya ushirika akina Paul Bomani wakiongoza, na mwaka 1955 muungano wa vyama hivyo ukasimama chini ya jina la Victoria Federation. Ukiona kijana anadhani Mwanza ilijengwa na samaki peke yake, mwambie habari za pamba.

Kutoka Usagara chukua barabara ya mchepuo hadi Kisesa. Madereva wa malori wanaipenda kwa sababu inawaepusha na msongamano wa mjini. Wewe ipende kwa sababu inakufikisha Bujora. Hapo, kuanzia miaka ya 1950, Padri David Clement kutoka Quebec, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alikusanya pamoja na wazee wa hapo ngoma, viti vya enzi, zana za wahunzi na za waganga. Makumbusho ya Wasukuma yaliyotokea yana jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Usiingie kwa mwendo wa kutia saini kitabu cha wageni na kutoka. Omba mwongozaji, na umruhusu aongee. Mwulize habari za Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 walioshindana dawa, wakaacha nyuma yao makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo hadi leo yanashindana.

Ukiweza, panga safari yako iangukie Bulabo, sherehe inayofanyika Bujora karibu na sikukuu ya Ekaristi, aghalabu mwezi Juni. Wanaocheza bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo, na wengine wanaingia uwanjani na chatu mabegani. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Hiyo ndiyo kanuni, na ndiyo maana hutaruhusiwa kuwa mtazamaji asiye na upande. Chagua kundi asubuhi, ubaki nalo hadi jua lizame. Anayehamahama anaonekana, na watu hawasahau.

Kutoka Kisesa kuingia mjini utapita Igoma. Hapo mzaha wote uache garini. Wamelala watu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza kutoka Bukoba. Ilipaswa kubeba abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Meli ilipinduka ikabaki ikielea, na waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ikatoka, meli ikazama. Mabasi mengi ya watalii yanapita Igoma bila kupunguza mwendo, na jambo hilo linaniuma. Hakuna mnara mjini unaoeleza ziwa hili kuliko makaburi hayo. Simama, soma majina, na ukipanda chombo chochote cha majini baadaye, dai jaketi la uokoaji bila aibu.

Nyakato, Mabatini, kisha mji. Kwenye mnara wa saa kuna kibao kinachokumbusha kwamba Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo. Bombay hatajwi. Wala hatajwi mvuvi yeyote aliyekuwa akivua hapo siku hiyo, maana ziwa lilikuwa na watu wake karne nyingi kabla ya mgeni yule mwenye macho mabovu. Soma kibao, halafu panda Isamilo kwa miguu. Utapita nyumba zilizoegemezwa kwenye majabali, ngazi zilizochongwa kwa subira, akina mama wanaopandisha ndoo za maji mahali ambapo bodaboda imekata tamaa. Wajenzi wa vilima vya Isamilo, Bugarika na Mabatini ndio wahandisi ninaowaheshimu kuliko wote katika jiji hili. Ukihema njiani, kaa kwenye jiwe lolote. Mwenye nyumba atakusalimia, na wewe sasa unajua la kujibu.

Kesho yake panda boti ya kwenda Saanane, dakika chache tu kutoka Capri Point. Kisiwa kina jina la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo kabla ya serikali kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo, yenye pimbi wengi juu ya mawe na swala wasioona haraka. Mkumbuke Saanane unapotembea. Ni kati ya wenyeji wachache wa kawaida ambao jina lao limebaki kwenye ramani.

Ndipo uende kwenye Jiwe la Bismarck. Piga picha yako, unyooshe kidole ukitaka, umeshalipia kwa miguu. Kisha nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema, ununue dagaa wakavu wa kupeleka nyumbani. Chagua wanaong'aa, wasio na mchanga, na ukubaliane bei kwa kipimo kabla kidole chako hakijagusa fungu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo njoo na ndoo yenye mfuniko mzuri. Mfuniko huo ukague mara mbili: kutoka Nyegezi hadi Dar ni safari ya siku nzima na zaidi, madirisha ya basi yamefungwa, na jirani yako wa kiti atakuwa Mzaramo.