Sifa za Maji Kupwa

Mchanga mweupe umesifiwa, minazi imesifiwa, hata mayai ya kifungua kinywa hotelini yana wapambe wake. Maji kupwa ya mashariki ya Unguja hayana hata mmoja. Katika matangazo ya Paje, Jambiani na Bwejuu bahari siku zote imejaa mpaka kwenye ngazi. Mpiga picha alijua kusubiri. Basi leo nimesimama kuyatetea.

Tuseme familia imebishana wiki nzima, watoto wakashinda, ikachaguliwa hoteli ya maharamia: bwawa lina meli ya saruji, mhudumu amefunga kitambaa cheusi jichoni, kila mtoto anapewa ramani ya hazina. Kesho yake saa nne asubuhi wanateremka pwani na maboya mikononi. Bahari haipo. Mwezi umeandama, ni bamvua. Maji hushuka karibu mita 4, na kwa kuwa sakafu ya bahari upande ule ni tambarare, yamekwenda zake mpaka kwenye mwamba, pengine kilomita nzima. Baba anakwenda mapokezi kuuliza bahari hufunguliwa saa ngapi.

Lakini ni mtumishi gani mwingine wa hoteli ile anayetoka na kurudi mara mbili kwa siku, akichelewa dakika 50 tu kila kukicha, tena kwa ratiba iliyochapishwa mwaka mzima kabla, na haombi bakshishi? Mama aliyekosa usingizi kwa hofu ya watoto kuzama sasa anasinzia kivulini: maji yamewafika vifundoni. Na ile meli ya saruji, ambayo mbele ya bahari hai ingeona haya, imepata heshima yake, maana hata ngalawa za kweli zimelala ubavu mchangani.

Zaidi ya yote, maji yakipwa ndipo mgeni anapoona bahari ile ni ya nani. Wanawake wako huko mbali, wameinama kwenye kamba za mwani, kazi iliyoshika Paje na Jambiani tangu 1989; bamvua anayoilaani mtalii wao wameihesabia siku. Wengine wanachokoa pweza. Mtoto anayekwenda taratibu ataona kiti cha pweza akiwa hai, jambo ambalo haramia wa kuajiriwa hawezi kumwonyesha. (Anayekimbia ovyo atakanyaga shamba la mtu.)

Nawahurumia wageni wa Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, ambako maji hayaendi mbali na watu huogelea saa zote bila kisingizio cha kupumzika.

Nawe unayetaka kulipia mashariki, acha kuuliza mtelezo wa bwawani una urefu gani. Uliza tarehe zako zitaangukia siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, na uwafungashie watoto viatu vya mpira.