Bomba Linaning'ata

Jumamosi

Mama amefika jana kutoka Lushoto na magoti yake yanayomsumbua. Kule amezoea kuoga maji ya moto, hivyo hapa Tabata inabidi mtu aamke alfajiri ambandikie sufuria. Leo nimenunua hita ya bafuni, ile inayofungwa juu kwenye bomba la mvua. Ni ya wati 5,500, shilingi 90,000. Mwenye duka akaniitia fundi. Tumepatana ufundi 25,000, tukiwa tumesimama palepale dukani. Nyumba yangu hajaiona.

Jumapili

Tuliagana saa mbili, amefika saa tano, ana bisibisi, testa na plaizi. Ngazi tumeazima kwa jirani. Umeme wa hita ameuchukua kwenye taa ya bafuni kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Akawasha, ukakatika. Akawasha tena, ukakatika.

"Breka hii imechoka, bosi."

Imeandikwa 10. Nikamtuma kijana wa bodaboda kwa 3,000, akarudi na breka ya 32 ya shilingi 12,000. Umeme ukashika. Nimemlipa fundi 25,000 yake na 5,000 ya nauli. Mama ameoga, akatoka anamwombea dua.

Jumanne

Nimerudi kazini nikakuta harufu ya plastiki iliyoungua. Swichi ya bafuni imekuwa na rangi ya chai pembeni, na ukiigusa ina joto. Nikiwa naitazama, Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, hilo bomba linaning'ata. Tangu jana."

Alinyamaza kwa sababu aliona hela imeshatumika. Nimezima mstari wote wa taa. Tumekula kwa mshumaa, na usingizi umenipaa.

Jumatano

Fundi yupo saiti Kibaha, anasema atakuja kesho.

Alhamisi

Simu yake haipatikani.

Ijumaa

Jirani mwenye ngazi amenipa namba ya dada mmoja aliyesomea VETA, mwenye leseni ya EWURA. Kwenye simu aliniambia mapema: kuja kukagua ni 20,000, hata tusipokubaliana bei ya kazi. Nililalamika. Sasa naona nilikosea kulalamika, maana hiyo ndiyo hela iliyonisaidia kuliko zote.

Alifungua swichi, akanionyesha waya. Ganda lake lilikuwa limekakamaa, na alipoukunja kidogo likamomonyoka kama biskuti. "Kaka, huu ni waya wa milimita 1.5, wa taa. Chukua wati 5,500 ugawe kwa volti 230. Ni kama ampea 24." Breka ya 10 ilikuwa inakata kwa haki, iliona mzigo umezidi waya. Tulipoweka ya 32, tulimwondoa mlinzi tukaacha waya uungue. Breka ya 32 kwenye waya ule isingekata mpaka moto uanze darini.

Nyuma ya hita, waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa. Umeme uliovuja haukuwa na njia salama ya kwenda ardhini, ukapita kwenye maji na bomba, kwa mama yangu aliyesimama peku sakafuni.

Akaandika orodha kwenye karatasi, kila kifaa na bei yake. Ufundi 80,000, yeye na msaidizi wake.

Jumamosi

Nimekuwa Kariakoo hadi saa tano asubuhi. Waya wa milimita 6, mita 24, shilingi 120,000. Wa ethi, mita 12, 36,000. Kifaa cha kukata umeme ukivuja, 65,000. Fimbo ya ethi na kikamatio chake, 30,000. Swichi ya hita 25,000. Mabomba ya plastiki, waya mpya wa taa ya bafuni na vikorokoro vingine, 14,000. Jumla 290,000, risiti ninazo.

Wamefanya kazi mpaka magharibi. Hita sasa ina mstari wake toka kwenye meinswichi. Breka ya 32 imehamia huko, ndiko inakostahili. Ile ya 10 niliiokota kwenye ndoo ya takataka. Dada akaipima mbele yangu: nzima. Imerudi kwenye taa.

Hakuwasha hita mpaka alipobonyeza kitufe cha kujaribia kwenye kile kifaa kipya na umeme ukakatika. Akanifundisha niwe nakibonyeza mwenyewe mara kwa mara.

Jumapili

Nimepiga hesabu. Fundi wa kwanza, breka na nauli, 45,000. Ukaguzi, vifaa na ufundi wa pili, 390,000. Hita haimo. Ni hela nyingi kwa mshahara wangu, ila ile 390,000 siijutii hata senti. Ninayoijutia ni 45,000, kwa sababu nilimkubali fundi kwa bei yake bila kumuuliza leseni wala kumwonyesha nyumba.

Asubuhi Mama ameoga. Nilisimama mlangoni nikamuuliza. "Leo halining'ati," akajibu.

Wewe unayesoma, kama kwako breka ilikuwa inakatika ikabadilishwa ikawekwa kubwa zaidi, zima mstari huo leo na umwite fundi mwenye leseni aje autazame waya.